Nilivyogeuka Kaka wa Mchumba Wangu Kibakwe

Leo nimevuliwa nguo ukweni. Kwanza nimevuliwa kwa maneno, kisha nikavuliwa kweli, na hivi ninavyoandika niko kwenye kosta narudi Dodoma nimevaa jaketi tupu, zipu nimeipandisha mpaka kidevuni. Wenzangu wa kwaya wamecheka mpaka wamelala. Mimi usingizi hauji. Acha niandike, labda roho itatulia.

Naanza mwanzo kabisa, asije mtu akasema nilikuwa nimelewa. (Nilikunywa soda moja. Ya moto.)

Yudithi, mchumba wangu, mnamjua. Wiki mbili zilizopita mshenga wangu, Baba Leah, alipeleka barua ya posa kwao Kibakwe. Aliiandika yeye mwenyewe, akanipa niisome kabla ya kuifunga: "Kijana wetu Ayubu, mkazi wa Miyuji, mwimbaji wa kwaya sauti ya besi, mkakamavu na msema kweli." Pale kwenye mkakamavu nilitaka kumwomba apunguze. Pale kwenye msema kweli sikuona tatizo.

Jibu linatoka Jumapili hii. Baba Leah akanikalisha chini akanionya. "Mpaka wajibu, Kibakwe usitie mguu. Mwoaji anayezurura ukweni kabla ya jibu hana subira, na asiye na subira hapewi binti wa watu." Nikasema nimeelewa, baba. Tangu siku hiyo simu ikiita nashtuka. Chakula hakipiti. Fikiria mtu mzima, nasali kabla ya kufungua meseji ya salio.

Sasa kwaya ya vijana ikaamua tuende matembezi. Kupanda milima, kupunga upepo, kula pilau juu huko kwenye miti. Nikawaomba twende Bahi, kwetu, ambako mlima huupati hata kwa dawa. Tukapiga kura. Kibakwe ikashinda, na Bahi ikapata kura moja. Kubaki nyumbani siwezi, mimi ndiye mwenye dhamana ya masufuria.

Asubuhi kabla hakujakucha katibu akatugawia tisheti za kijani. Wiki iliyopita alipita akiandika jina la kila mtu na sauti anayoimba, sikumuuliza ya nini. Nikaivaa palepale gizani, nikaweka jaketi juu, kofia, barakoa na miwani ya jua.

"Ayubu, unaumwa?" katibu akaniuliza.

"Vumbi la njiani," nikamjibu. Barabara ilikuwa imelowa kwa mvua ya jana.

Wanasema Kibakwe ni pazuri. Milima imezunguka kila upande, mahindi na maharage yamepanda mpaka kwenye miteremko, hewa ya baridi baridi, kila mtu kwenye kosta kajifunika sweta. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa naangalia nyuso za watu. Kila mama aliyepita na beseni niliona ni mama mkwe, kila mzee mwenye fimbo niliona ni baba mkwe. Wenzangu walishuka kunywa chai, mimi nikajilaza kwenye kiti cha nyuma nikijifanya nahesabu masufuria. Yalikuwa manne.

Tukaanza kupanda. Mtu wa Bahi amezaliwa tambarare, magoti yake hayakufundishwa kazi hii. Baada ya nusu saa wenzangu nilikuwa nawasikia tu, nyimbo zao zinatokea juu huko. Nikaona hapa porini nani ananijua? Nikavua kofia, miwani na barakoa. Nikavua jaketi nikalifunga kiunoni. Nikakaa juu ya jiwe kupumua, na kwa mara ya kwanza kwa siku nzima nikajisikia mtu huru. Huo uhuru ulidumu kama dakika tatu.

Akatokea mama mmoja mtu mzima anashuka na mzigo wa kuni kichwani, anatembea kama anaenda dukani. Nikasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetoka wapi, mwanangu?"

Hapo ningesema Dodoma mjini, yangeisha. Lakini neno Dodoma likanikumbusha Miyuji, Miyuji ikanikumbusha barua, nikasema, "Hapahapa."

"Hapahapa kwa nani?"

Ninyi mnaoishi mjini hamwelewi. Kwetu Ugogoni mtu haulizwi anafanya kazi gani. Anaulizwa mtoto wa nani, na akikosa jibu anatazamwa kama mwizi wa ng'ombe. Kibakwe nzima najua ukoo mmoja tu. Mdomo ukautoa kabla akili haijafika.

"Kwa akina Mgonela."

Mama akatua mzigo chini taratibu. "Mgonela wa bondeni au wa kanisani?"

"Wa kanisani."

"Mtoto wa nani?"

Nikamkumbuka baba mdogo wa Yudithi aliyehama zamani sana. "Mzee Stefano."

"Stefano huyu aliyehamia Ifakara?"

"Huyohuyo."

"Na jina lako?"

"Danieli." (Tundu la simba lilikuwa mbele yangu, nikachukua jina linalofaa.)

Akanitazama. Akanizunguka polepole, mbele, ubavuni, mgongoni, kama mtu anayekagua ndama mnadani. Aliporudi mbele macho yalikuwa yamelowa. Nikajua ni machozi ya furaha. Akanikumbatia.

"Danieli mwanangu, mimi ndiye shangazi yako Tabitha."

Jamani. Shangazi Tabitha. Yudithi aliniambia tangu mwanzo, kwao baba anatamka tu, anayeamua ni shangazi Tabitha. Na kwa hesabu za ukoo, mtoto wa baba mdogo ni kaka mtu, hakuna mjadala. Nilipanda mlima nikiwa mchumba wa Yudithi, sasa nilikuwa kaka yake. Jasho lililonitoka pale halikuwa la mlima.

"Mtoto wa kaka yangu hawezi kuniacha na mzigo," akasema. Akachukua jaketi langu kiunoni, akalikunja kata, akaniwekea kichwani na kuni juu yake. Shingo ikaingia ndani ya mabega. "Haya, tangulia. Njia ya kwenu si unaijua?"

Nikatangulia. Njia panda ya kwanza nikaenda kushoto.

"Danieli, huko ni kwenye machimbo ya mchanga."

Nikarudi. Nikaona paa la kanisa, nikalifuata, si nilisema wa kanisani?

"Hilo si kanisa letu, mwanangu. Umesahau na dhehebu?"

Kila tuliyekutana naye shangazi alinitambulisha kwake. "Huyu Danieli wa Stefano, amekuja kutuona." Watu wananipa pole na mzigo, wananisalimu vizuri, nikishawapita tu nasikia kicheko nyuma. Nikawaza, watu wa Kibakwe ni wachangamfu, Mungu awabariki. Magoti yanatetemeka, kuni zinatetemeka, mimi natabasamu.

Tukafika. Yudithi hakuwepo, nikamshukuru Mungu. Nikatua kuni, nikalitafuta jaketi, shangazi kashalichukua. "Limeingia magome, tutalikung'uta." Akaniletea ugali na mlenda, akanisimamia mpaka nikamaliza. Nilikuwa namezea hofu, nadhani niliomba nyongeza.

Kisha akaita ndani. "Kaka Yeremia, njoo umwone mtoto wa Stefano."

Mzee Yeremia ni baba yake Yudithi. Akatoka na fimbo yake, mrefu, hacheki. Nikapiga goti, shikamoo ikanitoka mara mbili. Shangazi akamnong'oneza kidogo, mzee akanipita akaenda kutema mate nyuma yangu, akarudi, akakaa mbele yangu akajifunika mdomo kwa kiganja. Akawa anakohoa kohoa. Nikampa pole ya kifua.

"Umekuja wakati mzuri," shangazi akasema. "Dada yako Yudithi ameposwa. Barua hii hapa. Mwenyewe anaishi Dodoma mjini, Miyuji. Kaka wa binti lazima aseme neno. Huyu Ayubu unamfahamu?"

Wadau, sijawahi kuogopa hivyo. Barua yangu ile, kwa mwandiko wa Baba Leah, iko mkononi mwa shangazi, na mimi ndiye naombwa ushauri juu yangu.

"Namsikia sikia," nikasema.

"Nasikia ni mvivu."

"Hapana shangazi, watu wamemsingizia."

"Mlima anaweza kupanda?"

"Anajifunza."

Mzee Yeremia akakohoa tena, kwa muda mrefu. Shangazi akaisogeza barua machoni. "Hapa wameandika ni msema kweli. Ni kweli hilo?"

Kuna kuku alipita katikati yetu, sote tukamwangalia mpaka akatoka. "Ni msema kweli," nikasema, "ila akiogopa anachanganyikiwa."

Mzee akashusha kiganja. Uso wake ulikuwa mkavu. "Mimi nilikuwa na nia ya kukataa," akasema. "Miyuji mbali. Vijana wa mjini wanaoa leo, kesho wanachoka. Wewe Danieli unaonaje, tukatae?"

Hapo kitu kikanikatika. Nilisahau mimi ni Danieli, nilisahau Ifakara. "Baba, msikatae," nikasema, na sauti ya besi yote ikaisha, ikabaki kama ya mtoto. "Huyo kijana wiki mbili halali. Simu ikiita anashika kifua. Alikatazwa asitie mguu hapa, akaja akijificha ndani ya gari kama kuku wa kupelekwa mnadani, kwa kuogopa tu asije akaharibu. Hana mashamba makubwa wala magoti mazuri. Lakini mkimpa Yudithi hatachoka naye. Mkimnyima, sijui atarudi Miyuji kufanya nini."

Nikagundua nimelia kidogo. Shangazi akaniangalia, na safari hii hakuwa na kicheko.

"Danieli mwanangu," akasema taratibu, "hebu nenda kanichotee maji pale kwenye ndoo."

Nikanyanyuka, nikageuka kuelekea kwenye ndoo. Nyuma yangu mzee Yeremia akasafisha koo, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama wanavyosoma somo kanisani.

"Ayubu. Besi. Kwaya ya Vijana, Miyuji."

Nikapeleka mkono mgongoni. Nikapapasa. Maandishi makubwa, ya rangi nyeupe, kutoka bega mpaka bega. Ndiyo maana katibu alikuwa anaandika majina. Kule mlimani shangazi aliponizunguka alikuwa anasoma. Wale wachangamfu wote wa njiani walikuwa wanasoma. Mzee hakwenda kutema mate, alikwenda kunisoma.

Nyumba ikalipuka. Mzee Yeremia, asiyecheka, aliangusha fimbo. Shangazi alishika nguzo. Mimi nikabaki nimeshika kata ya kuchotea maji, sijui niigeukie ndoo au niwageukie wao.

"Halafu Stefano wa Ifakara," shangazi akasema akijifuta macho kwa kanga, "ana mabinti watano. Mvulana hata mmoja hana. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na wewe uliianza na kuni kichwani."

Nikapiga magoti, yote mawili, yale mabovu. Nikaomba radhi kwa jina langu. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono.

"Tisheti."

"Baba?"

"Ivue. Inabaki hapa pamoja na barua. Jibu atapewa mshenga Jumapili, kama ilivyo desturi, sitakuambia neno." Nikaenda nyuma ya nyumba nikavua, shangazi akanirudishia jaketi, limekung'utwa vizuri. Alipokuwa anaikunja tisheti akasema, si kwangu, kama anajisemea, "Siku ya kuja rasmi ataivaa hii hii. Safari hii aingie kinyumenyume, watu wasipate shida ya kumtambua."

Mzee akamwambia, "Tabitha, umesema sana." Lakini hakumkanusha. Nimelirudia neno la shangazi kichwani tangu saa nane mchana, nalipindua huku na huku.

Wenzangu waliposhuka wakanikuta kwenye kosta, zipu shingoni. Wakaniuliza masufuria yako wapi. Yako salama, yote manne. Mimi ndiye niliyepungua.

Sasa hivi tumefika Mpwapwa, mtandao umerudi, meseji zimeingia kwa mpigo. Ya kwanza imetoka kwa Yudithi: "Kaka Danieli, mmefika salama?"

Sijamjibu. Ninachowaomba ni kimoja: vicheko vyenu vizuieni mpaka Jumapili ipite, maana nikinyimwa, mtakuwa mmecheka msibani.