Siku Profesa Dobashi Alipoinua Mkono

Sogeeni, enyi mliowahi kusinzia darasani, nanyi mliowahi kuwafundisha waliosinzia! Wekeni vikombe chini, tegeni masikio. Maana nasimulia vita vya Jumatano moja ya Novemba katika chuo cha kilimo huko Tottori, Japani, vita ambamo haikumwagika damu ila chai kidogo, na ambavyo shujaa wake aliviendea akiwa amevaa ndara za ndani zenye picha ya bata.

Shujaa huyo ni Nishigori Chizuru, Mbeba Chaki, Mstahimilivu wa Mikoromo, mwalimu wa sayansi ya vyakula, mwaka wake wa tatu chuoni. Muhula uliopita alisimama mbele ya wanafunzi arobaini na mmoja akahutubia juu ya wanga, na usingizi ukawaangusha safu kwa safu kama mpunga mbele ya mundu, hata akabaki macho mtu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Hapo ndipo alipoapa: kuanzia Aprili, mwaka mpya wa masomo uanzapo, wanafunzi wake watafikiri, watajadiliana wawili wawili, kisha watasema mbele ya wote. Lakini ombi lake lilikuwa karatasi bure bila muhuri mwekundu wa Profesa Dobashi, mkuu wa idara, Ngome Isiyotikisika, aliyefundisha miaka thelathini na minane kwa daftari lile lile, ambalo sasa lilikuwa na rangi ya kahawia.

"Tufanyie sisi kwanza," alikuwa amesema mkuu. "Ukituamsha sisi, hao watoto hawatakushinda."

Basi wakaja majemadari wanane, mkuu na walimu saba, wakaketi wote viti vya nyuma kabisa, wakaacha safu tatu za mbele tupu kama jangwa. Chizuru akaweka mezani tunda moja la kaki, lenye rangi ya chungwa na umbo la nyanya, aina ile kali inayokausha ulimi, kisha akaandika ubaoni swali lake: kwa nini kaki hili, likinyunyiziwa pombe na kufungiwa ndani ya mfuko wiki moja, hutoka tamu?

"Wenzangu waheshimiwa!" akanguruma, sauti ikimtetemeka kidogo. "Dakika moja ya kufikiri peke yako! Kisha mgeukie jirani, mjadiliane dakika mbili!"

Dakika ya kufikiri ilipita kwa ushindi mkubwa, maana kunyamaza ndiko walikobobea. Ndipo zikaja zile mbili.

"Tafadhali, Profesa, anza wewe," alisema Inukai, mwalimu wa ufugaji wa kuku, aliyeangukiwa na bahati ya kuketi karibu na mkuu.

"La, la, Mwalimu Inukai. Nyie vijana ndio wenye mawazo mapya."

"Mbele yako, Profesa? Nitathubutu vipi?"

"Thubutu tu, bwana."

"Baada yako, Profesa."

Wakainamiana. Na huku na huko chumbani jozi zote zikainamiana, kila mmoja akimpisha mwenzake, vichwa vikipanda na kushuka kama mitwangio, hata saa ya kuchemshia mayai aliyoitega Chizuru ikalia. Dakika mbili zimekwisha. Juu ya kaki halijasemwa neno.

Profesa Dobashi akaitazama ile fomu ya ombi kando ya kikombe chake. "Umeona, Mwalimu Nishigori? Watu wetu wana adabu mno. Mambo haya yana wenyewe."

"Kuku wangu wangekuwa wameshafunga mjadala," Inukai akanong'ona.

Ee moyo wa Chizuru, ulipigaje saa ile! Akaiona Aprili ikija na mikoromo yake yote. Kisha akakumbuka nyumbani kwao, ambako kipande cha mwisho cha samaki kiligombewa kwa jiwe, karatasi na mkasi, na bibi mzaa baba akashindwa na mjukuu wa miaka minne, asiombwe hata radhi. Maana katika mchezo ule wa mikono jiwe la ngumi huvunja mkasi wa vidole viwili, mkasi hukata karatasi ya kiganja, karatasi hufunika jiwe, na ngumi haina cheo. Akainua yake juu kama rungu.

"Enyi mabingwa! Hakuna tena kupishana! Jiwe, karatasi, mkasi! Atakayeshindwa ndiye atakayeanza, na mwenzake aseme jambo tofauti, apende asipende!"

Inukai akatokwa na jasho. Kumshinda mkuu ni balaa. Akawaza: mzee huyu ni jiwe mtupu, nitatoa mkasi anivunje, yaishe.

"Jan! Ken! Pon!" wakaita kwa pamoja, kama waitavyo watoto wa Japani wakitoa mikono.

Inukai akatoa mkasi. Na Ngome Isiyotikisika, ole, ikatoa karatasi.

Mkasi umekata karatasi: mkuu ameshindwa. Profesa akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akakohoa, naye akaanza: "Mimi nadhani... pombe inaongeza sukari."

"Samahani sana, Profesa," Inukai akasema, macho yakiwa kwenye ndara zake, "mimi nadhani sukari ilikuwemo siku zote. Pombe imeufunga ule ukakasi tu, ulimi usiuhisi."

"Ilikuwemo? Basi mbona mke wangu anayakausha makaki juani mwezi mzima?"

"Na jua nalo linafunga ukakasi, Profesa!"

"Una ushahidi gani, wewe mtu wa mayai?"

Jozi nyingine zilipolisikia hilo, malango yakavunjika. Wakasema wote, chai ikamwagika, saa ya mayai ikalia na hakuna aliyeisikia. Na katikati ya vurumai hiyo, enyi wasikilizaji, mkono ukapanda kule nyuma, polepole, kama bendera juu ya boma lililotekwa.

"Mwalimu," akasema Profesa Dobashi, "nina swali."

Miaka thelathini na minane bila kuuliza hata moja! Chizuru alitaka kujibu. Akaishia kuinama mpaka kwenye ndara za bata.

Muhuri uligongwa saa kumi kasoro dakika saba, ukakaa upande kidogo, maana aliyeugonga alikuwa bado akibishana. Na iandikwe kwamba siku ile, mbele ya mashahidi saba, mkuu wa idara alihamia kiti cha mbele, akakunja ngumi, akamwita Inukai.

"Njoo hapa, bwana kuku. Safari hii natoa jiwe."