Jinsi Nilivyomchunguza Mchumba wa Shemeji

Jumanne, 9 Oktoba 2007

Na jambo jingine nililotaka kuongeza jana, kabla mke wangu hajaniita chai (mke wangu! mwezi mzima na siku moja, bado nalirudia neno hilo nikiwa peke yangu): mama mkwe amenichagua MIMI. Si Respicius. Alipiga simu kutoka Machame. Anitha, dada yake Vaileth wangu, ameposwa na Mkongo wa Greenbelt, hapa hapa Maryland, Didier Bahati, aliyefika Marekani mwaka jana tu kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma. Wazee hawawezi kuja huku kuulizia tabia zake, basi kazi hiyo ni ya mkwe. "Mchunguze, baba. Ukisema ndiyo, tunapokea posa. Ukisema hapana, basi."

Respicius ndiye mume wa dada yao mkubwa. Ni mtu wa kompyuta, anaishi Sterling, Virginia, na hajawahi kula kwetu bila kutukumbusha kwamba yeye yuko nchi hii tangu 2001. Leo ameachwa kando. Nimeimba bafuni.

Alhamisi, 11 Oktoba

Maktaba ya Hyattsville, saa nne asubuhi. Mkutubi kanionyesha tovuti ya mahakama za Maryland. Unaandika jina la mtu, kesi zake zinatokea. Bure! Nikaandika Didier Bahati. Yupo! Kuvunja mashine ya soda, Baltimore, mwaka 2003.

Majina hufanana, mimi si mjinga. Nikampigia Anitha, nikajifanya nataka kumwandalia Didier keki. Amezaliwa lini? Tarehe moja Januari 1975. Nikatazama kioo cha kompyuta: tarehe moja Januari 1975! Upelelezi wa daraja la kwanza, na mimi nimeishia kidato cha nne.

Nikanunua kadi ya simu, nikampigia mama mkwe. Akasema posa isimame.

Anitha amelia kwenye simu na Vaileth saa nzima. Naumia, ila familia imelindwa. Vaileth akaniuliza kama nina hakika. Nikasema mia kwa mia. Mzuri hata akiwa na wasiwasi!

Jumamosi, 13 Oktoba

Kikao kwetu. Vaileth alipika machalari, ndizi na nyama za kwao. Respicius kaja na kompyuta yake ya mapajani, kama daktari na mkoba. Didier alivaa suti ya kijivu, akakaa mbali na Anitha, mikono juu ya magoti. Nikasoma matokeo yangu nimesimama.

Didier hakupandisha sauti. Alisema kule kambini karani alimuuliza kila mtu siku ya kuzaliwa, na asiyeijua aliandikiwa tarehe moja Januari. "Kanisani kwetu, shemeki," (ndivyo Wakongo wanavyosema shemeji) "tuko watu kumi na nane wa hiyo siku. Tunakata keki moja." Kisha akauliza mashine ilivunjwa mwaka gani. Nikasoma: 2003.



Didier akasema mwaka huo alikuwa Kigoma, kwenye foleni ya maharage. Anitha akaniuliza, akilia na kucheka, iweje nimesoma kila kitu isipokuwa mwaka.

Respicius akafungua kompyuta kwa utulivu wa kuudhi. "Mwanyumba, hebu tuone na jina lako." Eliudi Kisaka. Yupo! Mimi! Maili themanini na tatu palipoandikwa hamsini na tano, barabara kuu ya Beltway. Akasoma kwa sauti, akasema kumbe jambazi wa familia tunaye tayari. Nilitamani kuingia chini ya sofa. Nilikuwa nimemwambia Vaileth kwamba siku aliyofika nilikuwa uwanja wa ndege saa mbili kabla ya ndege.

Vaileth akainamia kioo. Tarehe 4 Agosti. Siku aliyotua Dulles. Akaniangalia kwa macho yale. "Ulikuwa unanikimbilia mimi." Akanishika mkono mbele ya watu wote. Mbele ya Respicius!

Jumapili, 14 Oktoba

Nimempigia mama mkwe, Anitha akinisimamia kama askari. Nikasema nilikosea. Posa inapokelewa! Siku ya sherehe ya posa kazi yangu ni kubeba kreti za soda. Didier alipendekeza nibebe mimi, maana yeye akionekana na soda watu watasema. Tukacheka wote. Kijana mzuri sana. Nilijua tangu mwanzo.

Ukurasa wangu wa mahakama nimeuchapisha na kuutundika karibu na picha ya harusi. Waume wangapi mapenzi yao yameandikwa na serikali, pamoja na mwendo kasi wake?

Jumatano, 17 Oktoba

Nimemwahidi Vaileth sitamchunguza mtu tena. Leo nilipita maktaba kurudisha kitabu tu. Lakini kumbe Virginia nao wana tovuti yao! Kaunti ya Loudoun, huko huko iliko Sterling: R. Cosmas, kuvua samaki bila kibali. Respicius Cosmas, yule yule wa "niko nchi hii tangu 2001"! Ndiyo maana kwake samaki hawakosekani!

Safari hii sikurudia kosa. Mwaka nimeuandika kwa wino mwekundu na kuupigia mistari miwili: 1996.

Mama mkwe bado sijamwambia. Mambo mazito ya kifamilia huzungumzwa uso kwa uso. Nitavaa tai yangu ya harusi, nitamshika mkono mke wangu, na kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwa Respicius.