Ufunguzi wa Site

Jumatatu, 3 Machi

Hasira tangu asubuhi. Doyen Mukendi, mkuu wa kitivo, ameniita ofisini na kunikalisha benchi moja na Guelord, kama watoto waliopigana. Guelord ni assistant, mwalimu msaidizi. Nilimfundisha mimi. Leo anavaa viatu vyeupe na wanafunzi wanamchekea kabla hajasema kitu.

Doyen anasema kozi ya kutengeneza kurasa za web haiwezi kuwa na walimu wawili wanaotukanana. Uongo. Sijamtukana Guelord. Nilibandika tu hoja zangu kwenye ubao wa matangazo, nazo zikaufunika ubao wote. Uamuzi wake: Jumamosi kila mmoja wetu ataonyesha site iliyotengenezwa na wanafunzi wake, mbele ya watu wa mji. Atakayewavuta watu na kuwafundisha kitu atabaki na kozi. Mwingine atapewa kazi nyingine. Najua kazi nyingine ni nini. Ntambwe wa takwimu alipewa kazi nyingine. Sasa anatunza ufunguo wa choo cha wageni.

Kozi hii ni yangu. Niliianzisha wakati chuo kilipokuwa na kompyuta moja, na panya pekee aliyekuwa karibu nayo alikuwa na manyoya.

Mchana, darasani. Hakuna umeme. Mji huu wa Kolwezi unatoa cobalt inayowasha simu za dunia nzima, na auditoire, ukumbi wetu wa masomo, haina prizi moja ya ukutani inayofanya kazi. Nimefundisha HTML, lugha ya alama inayojenga kurasa, kwa chaki. Sheria ya kwanza: alama inayofunguliwa lazima ifungwe. Sheria ya pili: internet si web. Internet ni nyaya na mitambo, kitu kinachoweza kukukwaza mguu. Web ni kurasa zinazopita humo. Jémima, chef wa promotion, yaani kiongozi wa darasa lao, akauliza kama tofauti hiyo itaulizwa kwenye mtihani. Nikamjibu itaulizwa maishani. Wakacheka. Sikuwa natania.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kumpeleleza Guelord. Nimesimama nyuma ya dirisha lake, nimejikunja vizuri, naona kila kitu. Aibu tupu. Anawapa wanafunzi kurasa zilizokwisha kutengenezwa na watu wengine. Wanachagua, wanabadilisha picha, wanabadilisha jina, wanapiga makofi. Hiyo ni kuosha mabaki ya mgodi, kama kule Kingamyambo. Lakini kule angalau maji yakipita, shaba inabaki.

Katikati ya somo, bila kugeuka, akawaambia wanafunzi: "Tata Kalenga eko inje, mumupe kiti." Tata, yaani baba; heshima ya mdomo tu. Nikaletewa kiti. Nikakaa. Ningefanya nini? Nikabaki mpaka mwisho wa somo, nikiwa na uso wa ukaguzi.

Sikupoteza muda. Nimegundua kwamba site yake iko mbali, kwenye kompyuta ya kampuni fulani, na Jumamosi itafika kwetu kwa waya mpya uliopitishwa chini ya uwanja wa chuo. Yangu iko ndani ya kompyuta yangu mwenyewe, na jenereta nitaazima kanisani. Anayetegemea waya ametegemea uzi.

Kinachobaki ni watu. Guelord atawaita rafiki zake. Mimi nitauita mji.

Jumatano, 5 Machi

Bango. Kitambaa kirefu, herufi nyekundu, kazi ya Mechack mchoraji wa pale Dilala, na litatundikwa penye pikipiki za taxi, mahali ambapo hakuna jicho linaloponyoka. Dereva mmoja atapita pia na kipaza sauti mpaka Kapata.

Jémima alisoma maneno yangu akaniambia niandike "site internet". Siku mbili tu tangu nilipolifundisha jambo hilo! Nikamwuliza alikuwa anaandika nini kwenye daftari. Basi, akasema, niandike "site web". Hapo nilifikiri. Lakini Mechack aliuliza kama Web ni jina la mchungaji. Neno lisiloeleweka ni pambo. Neno lenye kosa ni uongo. Nimeyafuta yote mawili, limebaki neno safi:

UFUNGUZI WA SITE MPYA! JUMAMOSI ASUBUHI, UWANJA WA CHUO, DILALA. KUINGIA BURE. NJOO NA CHOMBO CHAKO.

Chombo ni simu au kompyuta. Kila mtu anajua.

Jémima aliliangalia bango kwa muda, akaanza kusema, "Prof, mais huku kwetu site…" Nikamwambia huku kwetu mwanafunzi hasahihishi bango la mwalimu wake. Akafunga daftari. Adabu nzuri, inapokuja.

Alhamisi, 6 Machi

Bango linafanya kazi. Leo kijana mmoja alibisha mlangoni kwetu Kapata, anaitwa Papy, mikono kama jiwe, heshima nyingi. Anasema yeye ni PDG, yaani mkurugenzi mkuu, ana vijana wake, wamesoma bango na wangependa kuuliza mambo machache kabla ya Jumamosi. Nikamkaribisha. Guelord hajawahi kutembelewa na PDG.

Akauliza: "Tata, site inaingia chini sana?" Nikamweleza kwamba ina ngazi tatu: ukurasa wa kwanza, kurasa za sehemu, halafu kurasa za ndani kabisa, ambako ndiko kuna vitu vyenyewe. Akatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. "Na maji iko?" Nikamwambia wageni wote watapata maji. Akauliza kama ba-négociant, wale wanunuzi, watakuja kuwabana na bei zao. Nikamhakikishia: hakuna négociant, hatuuzi kitu, kila mtu atakachokitoa humo ni chake. Macho yake yakalowa. "Mungu akubariki, tata. Tutakuya équipe muzima."

Njaa ya elimu namna hii sijaiona kwa wanafunzi wanaolipiwa na wazazi wao.

Mke wangu Angèle alikuwa jikoni, amesikia yote. Alitoka akifuta mikono. "Tata Gloire," akasema (Gloire ni binti yetu mkubwa), "huku Kolwezi site ni fasi bantu banachimba cobalt. Ule mutoto ni creuseur, PDG wa bachimbaji. Unamuitia shimo."

Nikamweleza muktadha ni nini. Msomaji huona neno "chuo" na papo hapo neno "site" hujipanga upande wa elimu. Ni kanuni inayojulikana. Angèle akasema muktadha haubebi pauro. Pauro. Hata neno la sepetu hapa tumelichanganya, halafu ananifundisha lugha.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Mwenye taxi-moto amekataa nauli yangu, anasema mtu anayefungulia watu site bila kuwadai kadi ya kuingilia halipi. Mama mmoja muuza mihogo amenishika mkono.

Mchana Guelord alikuja ofisini kwangu. Alisimama mpaka nilipomwambia akae. Anasema tunaweza kwenda kwa Doyen pamoja na kuigawa kozi: mimi nifundishe misingi, alama na sababu zake, yeye afundishe kazi ya mikono. Anasema wanafunzi wake wanakwama kila ukurasa ukiharibika, kwa sababu hawajui kilichomo ndani. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na kwa kweli yalikuwa maneno ya akili.

Ndiyo maana yalinikasirisha. Nikamwambia mtu anayeogopa vita siku moja kabla huleta mgawanyo. Akasema: "Sawa, tata." Akaondoka na viatu vyake.

Amekwisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilifika mapema. Uwanja ulikuwa umejaa mpaka langoni. Sijawahi kuona umati kama huo kwa ajili ya HTML. Kwa muda nilisimama tu na kufurahi. Kisha nikaona vyombo vyao. Sepetu. Mitalimbo. Magunia. Taa za kichwani. Papy alikuwa amekwisha kuvuta uzi wa kupimia, ameugawa uwanja kwa timu, na kila timu ilikuwa imefika magotini.

Nilipanda juu ya kiti. Nikapaza sauti kwamba site iko ndani, kwenye auditoire. Hilo lilikuwa kosa la ulimi tu. Nusu ya watu wakaingia auditoire na kuanza kugonga sakafu.

Doyen alitoka ofisini akiwa na kikombe cha chai. Akasimama. Hakunywa.

Guelord alikuwa ameshawasha mashine yake ya betri inayotupa picha ukutani, ukurasa wa kwanza unang'aa, picha za milima zinapita zenyewe. Halafu zikasimama. Ukuta ukaandika kwamba hakuna muunganisho. Wakati huohuo Papy akatoka shimoni, tope mpaka shingoni, ameshika kitu cheusi kirefu kilichokatika. Akaja moja kwa moja kwangu, mbele ya Doyen, mbele ya promotion nzima.

"Tata prof, hii njo site?"

"Hapana," nikamwambia. "Hiyo ndiyo internet."

Nikaona nyuso za wanafunzi wangu. Jémima aliutazama waya ule, akaitazama mashine ya Guelord iliyokufa, akasema taratibu: "Ah. Kumbe." Wameelewa! Baada ya miaka yote ya chaki, wameelewa. Nani mwingine amewahi kuwapa wanafunzi internet mkononi?

Nilitumia nafasi hiyo. Nikawasha jenereta, nikafungua site yetu. Ikafunguka bila waya wa mtu. Lakini promotion nzima ilikuwa imetoka kuwasaidia wachimbaji kumtoa mwenzao aliyekwama. Akatoka mzima, anacheka. Viti vikabaki vitupu. Mtazamaji pekee alikuwa Guelord. Aliusoma ukurasa wangu wote, na kila neno lilikuwa kubwa kama bango, mpaka neno la mwisho chini kabisa. Akaniambia kwa upole kwamba alama ya kichwa cha habari haikufungwa. Niliiandika alama hiyo mimi mwenyewe.

Nilimwambia ni mtindo.

Doyen hakupiga kelele. Aliuzunguka uwanja, akachungulia kila shimo, akarudi. "Kalenga," akasema, "unafundisha kwamba kinachofunguliwa lazima kifungwe. Funga."

Jumapili, 9 Machi

Kufukia. Mgongo umekufa. Papy na vijana wake walirudi kusaidia, bila kuombwa, na hilo limeniudhi kuliko kama wangenitukana. Waliniambia hapa chini hakuna kitu, udongo tu. Nikawauliza kama wangependa, wakiwa wamepumzika, niwaeleze tofauti kati ya internet na web. Papy akasema: "Tata, ile ya jana tulielewa. Bilitosha."

Guelord pia alikuja, na viatu vya mpira. Alifukia upande wa waya. Nilimpa sepetu yenye mpini mzuri, nikachukua ile mbovu. Si kwa huruma. Nilitaka aone ni nani anayeweza kufanya kazi na chombo kibovu.

Jioni Angèle alinikanda mgongo kwa maji ya moto. Nikangoja aseme. Alicheka tu, chini chini, mpaka maji yakapoa.

Jumanne, 11 Machi

Uamuzi umetoka. Kozi ni ya Guelord.

Nimeisoma barua ya Doyen nikiwa nimesimama. Halafu nimekaa. Ubao wangu, chaki yangu, alama zangu zote. Yeye sasa.

Lakini iko aya ya pili. Guelord ameomba nibakishiwe sura moja, na Doyen amekubali, kwa majaribio. Sura ya mwisho: hébergement, malazi, yaani kuitafutia site kompyuta ya kuilaza ili ionekane dunia nzima. Guelord anadhani amenipa mfupa. Mjinga. Site isiyolazwa popote haipo! Amenipa ufunguo wa nyumba na yeye amebaki na mapazia.

Nitaianza kwa kishindo. Kesho asubuhi, kozi ya wazi, na chuo kimekubali kuwalipia wanafunzi hébergement ya mwaka wa kwanza. Nimemrudia Mechack. Jémima alitaka niandike "hébergement ya site". Nikamwuliza Jumamosi alikuwa wapi. Neno "site" ni la hatari katika mji huu, mtu mwenye akili hujifunza. Nimelifuta. Limebaki neno safi:

HÉBERGEMENT BURE, MWAKA MZIMA! CHUO, DILALA. NAFASI IKO KWA KILA MTU. NJOO NA VITU VYAKO.

Vitu ni kurasa na picha. Kila mtu anajua.

Bango limetundikwa mchana. Sasa hivi mlinzi amenipigia simu. Anasema langoni yuko mama mmoja na watoto wake, ana godoro kichwani, na nyuma yake anawaona wengine wanakuja na masufuria, wote wananiulizia mimi kwa jina. Nimemwambia awafungulie. Kozi ni kesho na wamekuja leo. Guelord na viatu vyake avute watu namna hii, kama anaweza.