Maji ya Katandala Yanakataa Mia

Jumatatu, 12 Julai 1993
Baridi ya kukata masikio. Mwalimu Leonardi katangaza kesho tunapima maji yanachemka kwa nyuzi ngapi. Wawili watakaokuwa na asilimia ndogo ya kosa watakwenda maonyesho ya sayansi Mbeya. Kanuni: tofauti ya kipimo chako na thamani halisi, gawanya kwa thamani halisi, zidisha kwa mia. Thamani halisi kaificha. Kaficha nini? Kitabu kinasema mia! Mwenzangu ni Yonas, anayeutaka udaktari mpaka anauota. Hajawahi kuvuka Laela, njiani kwenda Mbeya.

Jumanne, 13 Julai
Maji yanatokota, kipimajoto kimegoma kwenye 94. Nikapandisha utambi wa jiko. 94! Yonas akasema tuandike tulichokiona. Kosa la asilimia sita, halafu Mbeya tukaisikie redioni? Alipokwenda kumwaga maji nikafuta, nikaandika 99.8. Mia kamili ingeleta maswali. Mimi si mjinga.

Alhamisi, 15 Julai
Mjinga ni mimi. Mwalimu kaeleza kuwa huku juu Ufipa hewa ni nyepesi, maji huchemka mapema, ndiyo maana maharage ya mama zetu hayaivi upesi. Ukishuka bondeni, nyuzi zinapanda. Thamani halisi ya hapa Katandala ni 94! Kosa letu asilimia 6.2, kubwa kuliko ya wote. Akauliza nani alisoma 99.8. Mdomo wangu huu ukasema Yonas. Yonas hakubisha, aliinamisha kichwa tu. Ugali umenishinda. Najuta, najuta sana.

Ijumaa, 16 Julai
Nimekiri kwa mwalimu kwamba kalamu ilikuwa yangu. Kanitandika, kisha katupa nafasi ya mwisho: Jumatatu darasa linashuka Muze, bonde la Ziwa Rukwa, kupima upya. Nimemwomba Yonas radhi. Kanisamehe papo hapo, na hilo limeniuma kuliko fimbo. Sharti lake: yeye asome, mimi niandike tu.

Jumatatu, 19 Julai
Muze jua kali, mashati yamelowa. Yonas alisoma mara tatu, kila mara 97. Maskini! Mwalimu si alishasema ukweli ni 94? Nikaandika 94.1. Safari hii sibuni kitu, namfuata mwalimu neno kwa neno. Tulipokabidhi karatasi Yonas akanishika mkono, akanishukuru kwa kumwamini. Wakati wa kupanda mlima kurudi aliimba njia nzima. Sikumwambia nilivyomwokoa. Atajua kesho.