Mdakaji wa Kwenye Bango

Mheshimiwa Meya wa Boca Amarga, ambaye ameshindwa kufika lakini amemtuma dereva wake, Mheshimiwa Dereva, Baba Paroko, uliyekubali kuibariki orodha ya wachezaji bila kuisoma, don Anselmo Tavárez, mmiliki wa timu, wa kiwanda cha barafu na wa viti mnavyokalia, waheshimiwa wakurugenzi wastaafu na wakurugenzi watarajiwa, mkuu wa zimamoto, doña Ozema Santelises, mama mzazi wa shujaa wetu, tuliyekuwekea kiti cha mbele chenye mto, ninyi wapiga ngoma wa jukwaa la kushoto, ambao nawaomba mtulie hadi nitakapotoa ishara, mashabiki wenye tiketi za msimu, mashabiki wenye tiketi za siku, na ninyi mliopanda ukutani bila tiketi yoyote: habari za jioni! Ambaye sikumtaja, ajihesabu ametajwa na kuheshimiwa.

(Makofi ya viti vya mbele. Ngoma zinapigwa kabla ya ishara.)

Mimi, Licenciado Eligio Almánzar, Meneja Mkuu wa timu ya Pweza wa Boca Amarga, mwenyekiti wa Kamati ya Mkakati, katibu wa kamati hiyohiyo na mjumbe wake pekee, nasimama mbele yenu katika mkesha wa ufunguzi wa ligi ya besiboli ya majira ya baridi ili niwaeleze, kwa uwazi na uwajibikaji unaojulikana kisiwa kizima, kuhusu Mradi Mkuu wa Ujenzi Mpya wa Kikosi, mradi ambao nimeubuni mwenyewe, nimeujadili na nafsi yangu na kuupitisha kwa kauli moja. (Makofi ya don Anselmo.) Wapo wanaosema kwamba msimu uliopita tulishika mkia. Huo ni upotoshaji. Kitaalamu ile inaitwa nafasi ya kuanzia, na ninaweza kuthibitisha kwa takwimu kwamba katika michezo tuliyofungwa, asilimia sitini na mbili tulifungwa tukiwa tumevaa sare safi.

(Kicheko. Sauti ya Chichí Polanco, kinyozi, kutoka jukwaa la kushoto: “Pweza ana mikono minane, na mpira bado unamponyoka!”)

Nakushukuru, ndugu Polanco, kwa kushiriki katika mchakato. Nikisema sasa juu ya uimarishaji wa maeneo mahsusi, naanza na beisi ya kwanza, ambako tulimleta kutoka Marekani mpigaji mwenye kifua kama jokofu, na niwajulishe kwamba alifika Jumanne, akaonyeshwa chumba chake, umeme ukakatika, na Jumatano akatutumia salamu za upendo kutoka Miami. Hilo si pengo. Hiyo ni fursa. Nafasi ile sasa iko wazi kimkakati. Upande wa warushaji tunaye chipukizi wetu Enmanuel Jerez, mtoto wa mtaa wa Machinjioni, ambaye mpira wake una kasi ambayo kifaa chetu cha kupimia kimekataa kuisoma, na mtaalamu yeyote atawaambia kwamba kijana mwenye kasi kama ile amebakiza kitu kimoja tu, nacho ni mwelekeo.

(Chichí: “Kambini alimpiga mwamuzi begani, Licenciado!” Sauti nyingine: “Bega lipi?” Chichí: “Yote mawili!” Kicheko kirefu. Kijana Jerez, aliyekaa kwenye benchi la wachezaji, anafunika uso kwa kofia.)

Ni kweli kulikuwa na matukio. Yamefanyiwa tathmini.

(Wanawake wa jukwaa la kushoto, kwa pamoja: “Radhamés! Radhamés! Radhamés!” Ngoma zinajibu.)

Tulieni. Nilikuwa naelekea huko. Nilikuwa njiani kabisa. Najua mnataka kusikia juu ya kile kitengo nyeti cha uchuchumaaji, yaani nafasi ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na barakoa ya chuma usoni, akimwonyesha mrushaji kwa vidole mpira gani autupe, kisha akiudaka, au akipigwa nao, kutegemeana na mrushaji. Nafasi hiyo kwa misimu kumi na miwili imekuwa ya ndugu yetu Radhamés Cuevas, ambaye namwona pale safu ya tatu amekunja mikono. Salamu, Radhamés.

(Radhamés anaikunja mikono zaidi.)

Uongozi unamheshimu. Uongozi unaheshimu kila goti lake. Hata hivyo, uchambuzi wa data umebaini kwamba Radhamés anapiga mipira ya chini chini, hakimbii, na amepita umri ambao mtu huchuchumaa kwa hiari, na kwa kuwa ndoto kubwa haiwezi kulala kitanda kimoja na mazoea, nilichukua uamuzi mgumu, nikiwa peke yangu ofisini na feni ikiwa imezimwa, wa kuliondoa jina lake kikosini ili kumpisha mtu ambaye sura yake mnaiona kila mnapoingia mjini, pale kituo cha mafuta, kwenye bango lenye ukubwa wa nyumba mbili: mdakaji bora kupita wote waliowahi kuzaliwa upande huu wa mto, Yerlin Santelises!

(Shangwe. Viti vya mbele vinasimama. Doña Ozema hasimami.)

Ninyi nyote mnaujua utaratibu wetu. Kijana wa hapa akishachukuliwa na klabu ya Marekani, haki ya kumchezesha majira ya baridi inabaki kwa timu ya huku iliyomchagua, hata kama amekuwa tajiri, hata kama ameisahau njia ya kuja. Kwa haki hiyo, jina la Santelises ni letu. Na si yeye peke yake. Katika orodha yangu nina wana wa ardhi hii tisa wanaocheza huko katika ligi kubwa, majina ambayo watoto wenu wanachora kwenye kuta za shule, na nasema bila woga, mbele ya Baba Paroko, kwamba kwenye karatasi hakuna timu katika kisiwa hiki inayoweza kutufunga!

(Chichí: “Basi tukacheze kwenye karatasi! Mwaka jana hao tisa walikuja wangapi?”)

Swali zuri.

(Chichí: “Wangapi, Licenciado?”)

Mwaka jana lilikuwa zoezi la majaribio. Ni kweli kwamba klabu za Marekani zina desturi ya kuogopa vijana wao wasije wakachoka huku kwetu, na kwa hofu hiyo humruhusu mmoja na kuwazuia kumi, lakini safari hii mazungumzo yako katika hatua nzuri, hatua ya kutia moyo, hatua ambayo sina ruhusa ya kuitaja.

(Doña Ozema Santelises, bila kunyanyuka: “Licenciado, mwanangu yuko Florida. Goti limefungwa plasta toka wiki ile. Mimi mwenyewe nimeongea naye leo asubuhi, anajikongoja na magongo.” Minong’ono.)

Goti moja, doña Ozema. Tuwe wakweli mbele ya umma. Goti moja. La pili ni zima kabisa, na ndilo goti ambalo uongozi umelijengea mkakati wake.

(Mlipuko wa kicheko na miluzi. Mtu anarusha ganda la chungwa. Mkuu wa zimamoto analiokota.)

Wananchi wa Boca Amarga! Msiniharibie hotuba kwa mambo ya mifupa! Dira ya mradi huu haiishii kesho! Ndani ya misimu mitano, kwa mujibu wa makadirio yangu, ushindi utaongezeka kwa asilimia mia mbili, mahudhurio kwa asilimia mia tatu, na furaha ya jumla kwa kiwango ambacho bado kinatafutiwa kipimo! Timu kubwa hujengwa kwa kuthubutu kuwaacha waliopo kwa ajili ya watakaokuja! Mimi nimethubutu! Nimemwacha Radhamés! Nimewaacha pia wadakaji wake wawili wa akiba, ili Santelises asijisikie kubanwa!

(Chichí, polepole: “Subiri kwanza. Umewaacha wote watatu?”)

Nimesafisha njia.

(Chichí: “Kwa hiyo kesho anachuchumaa nani? Wewe?” Sauti ya mwanamke: “Na mbele ya Jerez! Mtu atakufa pale!” Kijana Jerez ananyanyuka kwenye benchi: “Mimi simrushii mtu mwingine. Radhamés ndiye anajua mpira wangu unakokwenda. Mimi mwenyewe sijui.” Makofi ya jukwaa zima la kushoto.)

Kijana, kaa chini, chipukizi huwa hawahutubii. Ndugu zangu, muda hauturuhusu, na ngazi hii niliyosimama juu yake ni ya kuazima. Nihitimishe kwa kaulimbiu yetu mpya. Nikisema “Pweza”, mjibu “Juu!” Pweza!

(“Radhamés!”)

Kikosi kipya!

(“Radhamés!”)

Mikono minane!

(“Radhamés!” Ngoma. Dereva wa Meya naye anasikika akiitikia, kisha anaziba mdomo.)

Nimewasikia, na kwa moyo wa unyenyekevu napita kwenye shukrani. Namshukuru don Anselmo kwa barafu. Namshukuru doña Ozema kwa kuniazima ile picha ya mwanawe iliyokuwa ukutani sebuleni, aliponielewa vibaya kidogo na kudhani ni ya kuombewa kanisani, picha ambayo imefaa sana kwenye bango. Namshukuru Yerlin Santelises mwenyewe, ambaye kwa kuwa uongozi haukupenda kumsumbua kwa simu katika kipindi chake muhimu cha kazi, atazipata habari za kusajiliwa kwake kesho pamoja na mashabiki wengine. Nazishukuru pia klabu zote za Marekani, ambazo hazijakataa ombi letu hata moja, kwa sababu uongozi uliona ni busara zaidi kutopeleka ombi kuliko kukaribisha jibu la kuvunja moyo. Na kwa namna ya pekee namshukuru ndugu Radhamés Cuevas, ambaye kesho, kwa uzalendo wake, ataichukua ile nafasi nyuma ya mpigaji akiwa amevaa jezi yenye jina la Santelises mgongoni, na akiwa na barakoa usoni muda wote, hata wakati wa kunywa maji, tusije tukawavunja moyo waliokata tiketi kwa ajili ya bango.

(Radhamés anasimama safu ya tatu. Goti linamlia, anashika bega la mtu wa mbele.)

(Radhamés: “Nani kakwambia nimekubali?”)

Umekubali kimsingi.

(Radhamés: “Licenciado, vidole hivi vimevunjika mara kumi na moja.” Anaviinua. “Hiki kilivunjwa na mpira wa Tavito, mwaka ule wa fainali. Hiki cha Mkuba yule mrefu. Hiki kilichopinda ni cha huyu mtoto Jerez, mwezi uliopita, na sijamlaumu. Sikukuomba bango. Uliponiacha sikuja ofisini kwako kulia. Lakini ningevaa hiyo jezi, mama yake Yerlin pale angemwangalia nani?”)

Hilo litaangaliwa na kamati ndogo.

(Doña Ozema ananyanyuka, anauacha mto kitini: “Mvalishe jina lake mwenyewe, wewe mtu usiye na haya! Mwanangu udakaji alifundishwa na huyu, nyuma ya nyumba yangu, kwa limau zilizofungwa kwenye soksi!”)

Doña Ozema, jezi zimeshachapwa. Kuna suala la bajeti. Radhamés, mwanangu, tuzungumze kama watu wazima, nakuongezea bango dogo, bango la pembeni...

(Radhamés: “Kwa jina la baba yangu mgongoni, nitachuchumaa mpaka magoti yatoke. Kwa jina lingine, hapana. Usiku mwema, Licenciado.” Anatoka. Jerez anabeba glavu yake na kumfuata. Doña Ozema anawafuata. Chichí anaipiga ngoma mara moja, jukwaa la kushoto linashuka lote, na walioko ukutani wanarukia upande wa barabarani.)

Asanteni! Asanteni kwa utulivu wenu! Naona mnakwenda kujiandaa, na hiyo ndiyo ari tunayoitaka! Tukutane kesho saa moja na nusu, geti litafunguliwa mapema! Don Anselmo, naomba usiondoke, don Anselmo, bado hujapiga tarumbeta ya ufunguzi... Baba Paroko? Nimalizie kwa tangazo moja dogo la kiufundi, la kawaida kabisa, kwa yeyote ambaye bado ananisikia: mrushaji ametoka, mdakaji hayupo, beisi ya kwanza iko wazi kimkakati, na wale tisa hawajaambiwa. Kwa hiyo kesho, tafadhali, mwenye glavu aje nayo.

(Mkuu wa zimamoto anaomba arudishiwe ngazi.)