Nyasi za Upande wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Maziwa yamepungua tena. Malisho yetu yamebaki vumbi na visiki. Ng'ombe wa shemeji, kaka yake mke wangu, wanajaza ndoo mpaka povu linamwagika. Mvua ile ile, udongo ule ule, uzio tu katikati! Ana siri gani? Mke wangu kasema nimuulize. Nimuulize yule? Anicheke? Nitachunguza mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Nimeruka uzio alfajiri. Nyasi zake zinafika magotini! Nikanusa. Nikang'oa shina moja: mizizi mirefu kama ndevu. Nikapiga magoti nikaonja. Tamu kiasi. Bado natafuna, nikasikia sauti nyuma yangu: "Shemeji, kwani leo nyumbani hamjapika?" Kasimama na daktari wa mifugo. Nikasema natafuta wadudu. Daktari akataka kujua kama ni watamu.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kaja mwenyewe kunieleza. Ana lake jambo! Eti amegawa malisho vipande. Ng'ombe wanakula kimoja, na kabla hawajakimaliza anawahamishia kingine. Majani yanayobaki ndiyo yanayolisha mizizi. Nikamuuliza nyasi zinajuaje kwamba zimepumzishwa. Alinitazama sana. Swali zito, najua.

Alhamisi, 6 Machi
Nimegawa malisho kwa kamba za kuanikia nguo. Bi Mkubwa, ng'ombe wetu mkorofi, alipita katikati kama hazipo, akaingia kwa shemeji na gauni la mke wangu likining'inia kwenye pembe. Aibu! Shemeji hakufoka. Alileta nguzo na waya. Mke wangu akashika nyundo. Wao walijenga, mimi nilisimamia.

Jumamosi, 12 Aprili
Kipande cha kwanza kimechipua! Kijani mpaka macho yanauma. Hata maziwa yameongezeka. Mke wangu, akienda sokoni, kanionya nisifungue lango mpaka wiki ijayo.

Nimelifungua, lakini si kwa ubishi. Nilitaka tu kujua ng'ombe wataanza na jani lipi. Nikafungua upenyo mdogo. Wakaingia wote! Kuwatoa nimeshindwa. Kufikia jioni hakuna hata jani la kuonja. Mke wangu karudi, kaona, kachukua nyundo na kulipigilia lango misumari.

Shemeji kauliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba ng'ombe hawana kiasi. Kosa ni la mnyama, si la lango. Mbuzi, kwa mfano, wana midomo midogo. Kesho naulizia mbuzi.