Mguu Mmoja au Miwili: Malalamiko ya Refa wa Uani kwa Akina Hruska

Kwa Mhariri,
Gazeti la Sauti ya Zelenka,
Zelenka, Nebraska.

19 Septemba

Ndugu Mhariri, Bi. Odette,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba bega lako limepoa tangu ulipoteleza pale nje ya posta. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo haijatulia, na wanaonikosesha raha ni watu wawili ambao sijawahi kuwaona: mwenyekiti wa kanuni za futiboli ya vyuo, hii yetu ya Kimarekani ya kukimbia na mpira mikononi, na mwenzake wa futiboli ya kulipwa. Anwani zao sinazo. Wewe una gazeti, kwa hiyo naomba uwafikishie.

Wewe ni mtu wa hapa, unajua kwamba waheshimiwa hawa wana mchezo mmoja na vitabu viwili. Jambo likifanyika chuoni Jumamosi, watu wanashangilia. Jambo hilohilo likifanyika Jumapili kwa wanaolipwa, refa anatikisa kichwa. Wao wanaona ni sawa tu. Lakini je, wamewahi kujiuliza inakuwaje kwa mtu mwenye ua mmoja na ndugu wa pande zote mbili?

Kila Novemba, Sikukuu ya Shukrani, kwa miaka thelathini na moja, ukoo wetu hucheza futiboli uani kwangu kabla ya kula. Mimi ndiye refa. Upande mmoja huongozwa na mdogo wangu Emil, mtu wa vyuo mpaka kwenye mifupa. Upande wa pili huongozwa na shemeji yangu Delmar Voss, kaka wa mke wangu Arvilla, ambaye Jumapili ukimpigia simu wakati wanaolipwa wanacheza, uwe umefiwa. Mashamba yao yamepakana. Mashine ya kufunga majani wameinunua pamoja. Na tangu Novemba iliyopita hawajasemeshana hata neno moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Goti. Siku hiyo tulikuwa tumebakiza dakika chache, upande wa Delmar uko nyuma. Delmar akaupata mpira, akakimbia, akateleza kwenye majani mabichi, akapiga goti peke yake bila kuguswa na mtu. Akainuka, akaendelea kukimbia hadi mwisho wa uwanja. Ikawa sare. Emil akaja juu: "Goti limegusa chini! Umekwisha hapo, rudisha mpira!" Delmar akamjibu, "Nani kanigusa? Nyasi?" Ndugu Mhariri, wote wawili walikuwa sahihi. Chuoni goti likigusa chini, mambo yamekwisha. Kwa wanaolipwa, mpaka mtu akuguse. Nikamkubalia Delmar, kwa sababu bata mzinga alikuwa anaokwa na dada yake.

2. Mguu. Zikabaki sekunde chache. Tamsin, binti pekee wa Emil, akaurusha mpira juu kabisa kuelekea kona ya tangi la gesi. Emil ana miaka hamsini na tisa, lakini aliruka, nakuapia, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Akaudaka. Mguu wa kushoto ukatua ndani. Wa kulia ukatua nje, katikati ya kabichi za Arvilla. Chuoni mguu mmoja unatosha, hiyo ni tachidauni, bao kamili, ni ushindi. Kwa wanaolipwa inatakiwa miwili. Emil akapiga magoti ndani ya kabichi akilia kwa furaha, huku Delmar akinyoosha vidole viwili na kupiga kelele, "Miwili, bwana! Mungu kakupa miwili, itumie!"

Nilitafakari kwa kina. Nikapuliza filimbi mara mbili, nikatangaza kwamba kwa sheria ya Jumamosi ni tachidauni, na kwa sheria ya Jumapili si tachidauni. Ndipo mtu mmoja akakumbusha kwamba siku hiyo ni Alhamisi. Delmar akadai kwamba Alhamisi ya Shukrani ni ya wanaolipwa tangu enzi za babu. Emil akamwambia babu yake hakuwa na televisheni. Kuanzia hapo yalisemwa mambo kuhusu mababu ambayo gazeti lako haliwezi kuyachapa.

3. Sare. Kwa wanaolipwa, msimu wa kawaida, mkicheza muda wa nyongeza mkashindwa kufungana, mnapeana mikono na kwenda nyumbani. Chuoni hakuna sare; mnacheza mpaka apatikane mshindi, hata kama kunguru wamelala. Basi, kwa kuwa hukumu yangu ilituacha sare, upande wa Delmar ukacheza dakika kumi za nyongeza, wakasema ni sare, wakaingia ndani kula. Upande wa Emil ukabaki nje kwenye baridi ukicheza dhidi ya watu wasiokuwepo. Walishinda, lakini kwa taabu. Walipoingia, mapaja yote ya bata mzinga yalikuwa yamekwisha. Emil akachukua kofia yake, akaondoka bila kugusa hata pai ya maboga.

4. Mtamba. Mwezi Julai mtamba wa Delmar alivunja ua, akaingia kwenye mahindi ya Emil na kufyeka mstari mmoja yadi themanini. Mimi nikatumwa kusuluhisha, kwa kuwa hawaongei. Sasa sikiliza. Kwa wanaolipwa, beki akimzuia mdakaji kwa hila, mpira unapelekwa mpaka pale kosa lilipotendeka, hata kama ni mbali vipi. Chuoni adhabu haizidi yadi kumi na tano. Delmar, mtu wa wanaolipwa tangu utotoni, akaniambia kwa uso mkavu, "Shemeji, mwambie nitamfidia yadi kumi na tano za mahindi. Sheria ya chuo." Na Emil, ambaye ghala lake limepakwa rangi za chuo, akasema, "Kaka, mwambie aje alipe mpaka kule mnyama wake aliposimama. Kwani wanaolipwa wanafanyaje?" Nilikaa kwenye trekta nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Kisha sikucheka tena.

5. Harusi. Tamsin anaolewa Jumamosi ya pili ya Oktoba. Delmar ndiye aliyemshika kwenye maji ya ubatizo, na tangu akiwa mtoto Tamsin amesema atakayesimama kusoma Neno siku ya ndoa yake ni yeye. Emil amesema Delmar akitaka kuja, aje, ila akiri kwanza kwamba mguu mmoja unatosha. Delmar amesema hakiri kitu, tena mbele ya watu wa Jumamosi. Jumanne iliyopita Tamsin alikuja jikoni kwangu, akakaa, akazungusha kikombe cha kahawa bila kunywa. Akaniambia, "Baba mkubwa, ule mpira niliurusha mimi. Ningejua, ningeutupa kule kwa kuku." Nikamkatia kipande cha pai.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, wenyeviti wote wawili waje Zelenka kabla ya harusi, na kanda za kupimia, waione kona ya tangi la gesi kwa macho yao na watoe kanuni moja kwa nchi nzima. Kama kila mmoja atang'ang'ania ya kwake, wakutane katikati: mguu mmoja na nusu. Niko tayari kuwaeleza nusu inaishia wapi. Inaanzia kisigino na kuishia pale soksi inapobana.

Hilo nalo likiwashinda, basi serikali ya jimbo iandikishe wananchi, kila mtu atamke anaishi chini ya kitabu kipi, na apewe beji. Watu wa beji tofauti wasiuziane mashine, wasipakane mashamba, na wasioane bila kibali cha refa. Najua kwamba chini ya sheria hiyo mimi na Arvilla tungekuwa tumevunja sheria kwa miaka arobaini na mbili. Nipo tayari kwa adhabu, mradi isizidi yadi kumi na tano.

Msalimie mzee wako, na yule dada anayepanga kurasa, na wote wa hapo ofisini. Waambie akina Kasparek wa kule ng'ambo ya mto kwamba ngazi yao bado iko kwangu, sijaisahau.

Wako katika kutafuta haki,
Lowell Hruska

N.B. Bi. Odette, nilipokuwa natafuta stempu, Arvilla aliisoma barua hii, akawapigia simu wote wawili na kuwasomea, kila mmoja peke yake. Hazikupita dakika ishirini, pikapu mbili zikaingia uani kwa kasi. Wakasimama jikoni kwangu bega kwa bega, wamewaka. Emil akasema, "Kaka, kanuni moja ili iweje? Tukae tu tunatazamana?" Delmar akadakia, "Hebu mwambie, Emil! Mguu na nusu! Mtu mzima anaandika mguu na nusu!" Walinisema kwa saa nzima, Ndugu Mhariri, na katika saa hiyo hawakupingana hata mara moja. Kisha Delmar akauliza asome mlango gani wa Biblia harusini. Emil akajibu wowote, hata uwe mrefu, ilimradi usiwe wa Jumapili, na ugomvi ukaanza upya pale pale.

Kwa hiyo nakuomba wenyeviti wasiguse herufi hata moja ya vitabu vyao. Barua usiichape. Wale wawili waliondoka wakibishana, mikono hewani, wakapanda pikapu ya Emil. Ya Delmar bado iko uani kwangu, mlango wazi, ufunguo ndani. Sitampigia simu kumkumbusha.